Jahandad na Taji la Lori Lake

Ukipita stendi ya malori ya Haripur asubuhi yoyote utawakuta wamekaa juu ya vitanda vya kamba mbele ya hoteli ya chai, wazee sita au saba, kila mmoja na kikombe chake. Watakuambia kwamba zamani lori lilikuwa lori. Pua ndefu, kioo cha mbele kilichogawanywa katikati, milango ya mbao iliyochongwa kama ya msikiti, minyororo chini ya bampa ikilia mpaka kijiji cha tatu kikajua nani anakuja. Watakuambia lori moja, Bedford, lilipanda bonde la Kaghan likarudi na magunia mia na ishirini ya viazi. Hawatakuambia liliteremkaje.

Anayesema kuliko wote ni shemeji yangu Jahandad, kaka mkubwa wa mume wangu. Siku zake alikuwa na malori matatu na meza moja, na juu ya meza ubao uliosema: Jahandad na Ndugu, Wasafirishaji wa Mizigo, Pande Zote za Nchi. Ndugu alikuwa mmoja tu, mume wangu Khanwez. Pande zote za nchi zilikuwa mbili: kupanda kufuata viazi, na kuteremka navyo hadi Pindi.

Niliolewa katika nyumba ile nina miaka kumi na minane, nimesoma hadi darasa la tano. Nilidhani nimeingia kwa matajiri. Ua ulijaa malori. Kulikuwa na Badshah, lililochorwa ubavuni mfalme mwenye masharubu. Kulikuwa na Tufani, lenye ndege ya kivita na farasi wawili wenye mbawa. Na kulikuwa na Shahzadi, kipenzi cha Jahandad, lenye macho ya mwanamke juu ya taa zake na tausi kila palipobaki nafasi. Nyuma ya Shahzadi yaliandikwa maneno: Mwenye haraka apite. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Walipita wote, hata punda.

Baada ya mwezi mmoja nilielewa. Kati ya malori matatu, linalotembea lilikuwa moja, na hilo moja lilikuwa linabadilika. Tufani lilikaa juu ya matofali miaka minne, na kuku wakataga chini ya usukani. Gari lenyewe silisemi vibaya. Lilitengenezwa na watu waliojua kazi yao, na katika mikono ya watu wenye akili limelisha familia nyingi. Kosa lilikuwa la mwenye gari. Springi ikivunjika, Jahandad alifunga kipande cha mbao. Breki zikilia, alilipeleka lori kwa mchoraji.

Wallahi sizushi. Faida yote ya msimu wa viazi iliishia kwenye rangi, vioo vidogo vidogo, maua ya plastiki na mabati yaliyokatwa kama nyota. Wenzake walipoanza kununua malori makubwa ya magurudumu kumi, aliyatazama akakunja pua.

"Yale ni masanduku," alisema. "Hayana uso."

"Yana breki," mkewe Zaitun akamjibu.

"Breki, breki! Mtu na uso wake ndio wanaojulikana njiani."

Na kweli alijulikana. Kila fundi wa barabara ile alimjua.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kabari. Alining'inia nyuma ya lori, mkononi ameshika gogo la msheshamu, mti mgumu wa kwetu, lililochongwa kama kipande cha jibini, na lori likishindwa mlima aliruka chini akalisukumia gogo chini ya tairi la nyuma kabla lori halijaanza kurudi. Halafu Jahandad angeingiza gia, lori lingepanda hatua kumi, lingeshindwa, na Khanwez angekimbia tena na gogo lake. Miaka tisa mume wangu alikuwa breki ya mkono ya kaka yake. Mimi nilikaa nyumbani nikisikiliza kila mnyororo unaolia barabarani, nikihesabu kama ni wetu. Mpaka leo siwezi kusikia mnyororo ukilia bila moyo kuruka.

Alipopata viza ya Sharjah nilichinja jogoo. Analinda lango la ghala huko. Nilipomuuliza kwa simu kazi ikoje, aliniambia, "Nzuri, mama Shagufta. Lango haliteremki mlima."

Badshah liliuzwa, Tufani likakatwa vipande likaenda kwa uzito wa chuma, na Shahzadi likabaki. Ndipo binti yangu Shagufta akapata mchumba kutoka Dheri Kala, ng'ambo ya mto.

Hapo lazima nieleze jambo la kwetu, kwa sababu ndilo lililoninyima raha. Vyombo vya bibi harusi hufika kwa wakwe siku moja kabla ya ndoa, na lazima vifike jua likiwapo. Hupangwa uani, na wanawake wa mtaa mzima hupita kuviangalia. Wanapapasa mifarishi kujua pamba ni mpya au ya kuchambuliwa upya. Wanageuza sahani kutazama muhuri. Vikifika jua limezama, neno huwa moja: vimeazimwa, walingoja giza ili visionekane. Neno hilo halifutiki. Mdogo wangu wa kike lilimpata. Mimi mwenyewe, kwa kujivuna kwamba nimeolewa kwenye malori, niliomba Badshah libebe vyombo vyake, na Badshah likapasuka tairi njiani, likafika saa ya isha. Mdogo wangu ana wajukuu sasa. Mawifi zake wakikasirika bado wanamwita "yule wa giza."

Kwa hiyo nilijua ninachokitaka. Nilikuwa nimekusanya vitu vya Shagufta tangu ana miaka mitano: mifarishi minane niliyoishona kwa mkono, vikombe sitini na sahani zake kutoka Pindi, kabati la vioo, cherehani, feni, vitanda viwili, sanduku kubwa la bati. Nilitaka viingie Dheri Kala jua likiwa bado juu ya ukuta, vizima. Basi. Sikuomba tausi.

Mume wangu hakupewa likizo, kwa hiyo Jahandad ndiye aliyesimama mahali pa baba. Nilimwendea kwa adabu, shungi limeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kaka Mkubwa, sokoni kuna pikapu za kukodi. Mpya, zina breki. Vyombo viende na moja ya hizo, nawe ukae mbele kama mkubwa wa safari."

Akanitazama kama nimemwambia tuwalishe wageni kwenye magazeti. "Pikapu? Mama Shagufta, binti wa Jahandad na Ndugu apelekwe kama gunia la vitunguu?"

"Vinavyopelekwa ni vyombo, Kaka Mkubwa. Binti atafuata kesho yake."

"Ni kitu kimoja. Nyumba ya malori ikikodi gari la mtu, ni sawa na kwenda kula kwa jirani siku ya harusi yako. Shahzadi atabeba."

"Basi breki zikaguliwe."

"Breki zinanijua."

"Zinakujua sana," Zaitun alisema bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akipeta. "Ndiyo maana hazikusikilizi."

Nilimgeukia Shagufta, nikitumaini atanisaidia. Ameketi kwenye mkeka wake, manjano ya bibi harusi usoni, anacheka. "Mama, mwache Baba Mkubwa afurahi. Ni safari moja tu."

Safari moja tu. Hivyo ndivyo wanavyosema wasiokuwa na gogo mkononi.

Wiki tatu kabla ya harusi Shahzadi lilitoweka uani. Nilisema Alhamdulillahi, ameona haya, amelipeleka kwa fundi. Liliporudi nilisikia watoto wakipiga kelele mtaani, nikatoka. Lilikuwa kwa mchoraji. Na juu ya kichwa chake, pale mbele juu ya kioo ambapo kila lori la kwetu huwa na taji la mbao, lilikuwa na taji jipya. La zamani lilikuwa kubwa; hili lilikuwa nyumba. Mbao na bati, ghorofa tatu, tausi wawili wakitazamana, vioo, manyoya, maua, na katikati maandishi ya dhahabu: Zawadi ya Baba Mkubwa.

"Futi mbili na nusu zaidi," Jahandad alisema, mikono nyuma. "Hakuna taji kama hili kutoka hapa mpaka Gilgit."

"Na breki?" niliuliza.

"Mama Shagufta, watu wa Dheri Kala wataziona breki?"

Siku ya kupeleka vyombo alianza kupakia baada ya swala ya alfajiri, na hakuruhusu mtu aguse. Hilo nitalisema kwa haki. Sakafuni alimwaga majani makavu ya ngano mpaka magotini. Vikombe alivipanga ndani ya sanduku, safu ya vikombe, safu ya majani, akisukuma majani kwa vidole viwili kila upenyo. Kabati la vioo alilivika mifarishi minne, milango yake ikitazama mbele na si ubavuni, "kwa sababu lori hutikisika ubavuni." Halafu turubai, halafu kamba, na mwisho fundo lake, ambalo wazee wa stendi wanaliita fundo la Jahandad na ambalo hajawahi kumfundisha mtu, hata ndugu yake. Nilisimama pembeni tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinifukuza mara mbili. Nilirudi mara mbili.

Tuliondoka saa nne. Mimi na Zaitun tulipanda kigari cha Waheed, mkwe wake, tukafuata nyuma ili nisiliache turubai machoni. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari la kawaida. Jahandad alisimama stendi wenzake walione taji. Alisimama pampu ya dizeli, akapigwa picha. Alisimama kwenye kaburi la mtu mtakatifu akatoa sadaka, na hapo tena picha. Alisimama radieta ilipochemka, na hiyo haikuwa kwa hiari. Ilikuwa mwezi wa Desemba. Jua la Desemba halimngoji mtu. Adhuhuri ilitukuta tungali upande huu wa mto. Tulipofika darajani ilikuwa saa nane.

Daraja la Dheri Kala lilijengwa upya baada ya mafuriko, na mbele yake wakaweka fremu ya chuma, nguzo mbili na boriti juu, ili malori marefu kwenda juu, ya mizigo mizito, yasipite. Kila mtu anaijua. Jahandad mwenyewe alipita chini yake miaka mitatu na viazi, taji la zamani likipishana na chuma kwa kiganja kimoja. Nilimwona akikaribia kwa fahari, mkono nje ya dirisha, minyororo inacheza. Halafu lori likasimama ghafla, na siku hiyo breki zilimsikiliza, sijui kwa nini.

Akashuka. Akatazama juu kwa muda mrefu.

"Wameishusha," akasema.

"Wameshusha nini?" Waheed akauliza.

"Boriti. Wameishusha."

Zaitun alifungua mlango wa kigari. "Eh, maskini. Chuma kimeshuka, na taji la watu limetulia palepale."

Mlinzi wa daraja alikuja amejifunika blanketi. "Mzee, chuma si mtoto. Hakikui wala hakisinyai. Hiki kiko hapa tangu siku ya kwanza."

Hapo mwanamume mwenye akili angefanya nini? Sijui. Jahandad alitoa upepo kwenye matairi. Tairi moja baada ya jingine, yote sita, fyuuu, mpaka lori likapiga magoti kama ngamia. Akapanda juu ya boneti, akanyoosha mkono, akapima kati ya boriti na kichwa cha tausi.

"Shubiri mbili tu bado," alisema kwa furaha.

"Toa tena," mlinzi akamwambia.

"Umeisha."

"Sasa huwezi kwenda mbele. Utarudije nyuma?"

Jahandad akaenda kwenye kiti chake, akakiinua, akapekua sanduku la vifaa lililo chini yake. Pampu ya upepo haikuwapo. Mahali pake palikuwa na makopo matano ya rangi na brashi, kwa ajili ya kurekebisha tausi akikwaruzwa njiani.

Nikalitafuta jua. Pale ng'ambo, juu ya mti mmoja mrefu wa mpopla, lilikuwa limeshuka urefu wa mtu.

"Msumeno ninao," mlinzi alisema. "Dakika kumi tunakata tausi, mnapita."

Jahandad alimgeukia. "Wewe ungekata kichwa cha mwanao?"

"Mwanangu hapiti darajani na ndege kichwani, mzee."

"Halikatwi. Limewekwa kwa ajili ya harusi, litafika harusini."

Tukiwa katika hayo, akaja kwa miguu kutoka ng'ambo Haji Mir Afzal, baba wa bwana harusi, na wazee wawili. Walikuwa wametungoja tangu asubuhi. Moyo ukanitulia: huyu ni mtu mzima, amehiji, ataamua jambo. Haji alifika chini ya boriti, akainua uso, akaliona taji. Mkono wake ukaenda kifuani.

"Mashaallah," akasema. "Mashaallah, Jahandad. Bedford."

Hapo ndipo nilipokumbuka mwenzangu mmoja alivyonionya: Haji aliendesha Bedford miaka ishirini na mbili.

Alilizunguka lori. Aligusa mlango wa mbao. Aligonga boneti kwa kidole akasikiliza, kama daktari. Kisha wakakumbatiana, yeye na Jahandad, na mlinzi akatumwa kuleta chai. Wakaketi kwenye ukingo wa daraja, wanaume wazima watano, mgongo kwa jua.

"Unaukumbuka mteremko ule wa maporomoko?" Haji akasema.

"Nani atausahau! Mimi niliushuka mlango umefunguliwa, mguu mmoja nje, tayari kuruka."

"Mimi nilishuka nikiwa nimefumba macho!"

"Afadhali! Aliyeyafungua hakufika!"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nami nikamfikiria mume wangu, aliyekuwa akining'inia nyuma ya lori hilohilo wakati dereva ana mguu mmoja nje. Hakuna aliyemtaja. Katika hadithi zao nyuma ya lori huwa hakuna mtu.

"Zamani mtu alijulikana kwa lori lake," Haji alisema.

"Siku hizi hata dereva halijui jina la gari lake," Jahandad alisema.

"Halina jina!"

"Lina namba!"

Nilitazama mti. Jua lilikuwa limefika kwenye matawi ya chini. Nikamshika Zaitun mkono, tukaenda nyuma ya lori tuanze kushusha wenyewe. Tulivuta fundo. Tulilisukuma. Zaitun alilitia meno, na Zaitun ana meno. Fundo likakaza zaidi, kana kwamba linamjua mwenyewe.

Ng'ambo ikatokea trekta yenye tela tupu, inatoka kupeleka matofali, inarudi kwenye tanuri la matofali upande wetu. Ilipita chini ya boriti bila hata kuinamisha kichwa. Dereva wake, mtu mnene mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope, alitupungia.

"Mama, mmehamia barabarani?"

"Kaka yangu," nilimwambia, "geuza tela lako. Nipelekee vyombo vya binti yangu Dheri Kala."

"Tanuri linafungwa magharibi."

"Na mlango wa binti yangu pia."

Alinitazama, akatazama lori, akatazama wanaume na vikombe vyao. "Haya," akasema. "Lakini upesi. Na huyo ndege simbebi."

Ikabaki fundo. Nilikuwa sijawahi kupaza sauti mbele ya shemeji yangu, sembuse mbele ya mkwe mwanamume ambaye hata ndoa bado. Nilikwenda mpaka walipoketi.

"Kaka Mkubwa. Fundo."

"Kaa kidogo, mama Shagufta. Haji anasema kuna fundi kijijini, ana jeki kubwa, atainua boriti kidogo, nasi…"

"Jua liko wapi?"

Hakutazama.

"Mdogo wangu anaitwa wa giza," nilisema. "Jina hilo lilitoka kwenye lori lako. Moja linatosha kwa ukoo mmoja."

Kicheko kikakatika. Haji Mir Afzal alishusha kikombe chake taratibu. "Mama wa bibi harusi, usiogope. Nitawaambia wanawake wa nyumbani kwangu kilichotokea."

"Haji, wanawake wa nyumbani kwako wanakusikiliza?"

Alifikiri. Mtu mkweli. "Hapana," akasema.

Jahandad alisimama. Alikuwa na miaka sitini na mmoja siku ile, na alitembea mpaka nyuma ya lori kama mtu wa themanini. Alishika ncha moja ya kamba, ncha ambayo sisi hatukuiona kabisa, akaivuta mara moja kwa vidole viwili, na kamba yote ikateremka chini kama nywele zilizofunguliwa. Akapanda juu. Kabla hatujamkabidhi dereva wa trekta hata mto mmoja, aliruka chini na turubai lake, akalitandika ndani ya tela ili vumbi la matofali lisiguse mifarishi. Halafu akaanza kushusha, kitu kimoja kimoja, akiwapigia kelele Haji na wazee wenzake: "Shika chini! Chini, si kwenye vioo! Wewe uliendesha Bedford au baiskeli?" Na kwa mara ya kwanza siku ile wanaume wale walikuwa na faida.

Mimi nilipanda telani, nikakaa juu ya sanduku, nimekumbatia kabati. Zaitun na Waheed walitufuata na kigari. Jahandad alibaki. Lori lililopiga magoti haliachwi peke yake.

Tuliingia Dheri Kala tukitikisika kama mahindi ungoni. Jua lilikuwa juu ya ukuta, kidole kimoja, lakini lilikuwapo. Wanawake walikuwa wamejaa uani. Walipoona trekta ya matofali baadhi yao wakatia kitambaa mdomoni, niliwaona. Niliona pia kwamba wanaona mwanga. Hakuna atakayesema giza. Trekta waliisema, na wataisema, lakini trekta haina ubaya. Hata mchele huja kwa trekta.

Shangazi yake bwana harusi, mwanamke mwembamba mwenye pua kali, ndiye aliyefungua sanduku. Alitoa vikombe kimojakimoja, akikigonga kila kimoja kwa ukucha akisikiliza ufa. Niliomba kimoyomoyo kila kikombe. Vilipofika sitini, vizima vyote, alifungua mifarishi ya kabati akapitisha kiganja kwenye vioo. Akanigeukia.

"Nani alipakia?"

"Baba yake mkubwa," nikasema. "Jahandad, wa malori."

"Ana malori mangapi?"

Zaitun alikuwa amesimama karibu yangu. Nilisikia akivuta pumzi. Wanawake wote walikuwa wanangoja.

"Matatu," nilisema.

Tulirudi darajani magharibi inaingia. Haji na wenzake walikuwa wamekwenda kuswali. Jahandad alikuwa peke yake, amekaa kwenye ngazi ya lori lake, anakunja kamba.

"Kuna kilichovunjika?"

"Hakuna."

"Kioo cha kabati?"

"Hata hicho. Panda twende, Kaka Mkubwa. Kesho walii ni wewe. Shehe hatafungisha ndoa na lori."

"Nani atamlinda Shahzadi? Watang'oa vioo vyake."

"Nitamlinda mimi," mlinzi wa daraja akasema ndani ya blanketi lake. "Hataenda popote. Hana upepo."

Zaitun alicheka mpaka akashika mlango. Jahandad alisimama akitazama taji, akalitazama lote, ghorofa kwa ghorofa, nami nikafikiri sasa atakataa, na kesho binti yangu atakosa wa kumwoza kwa ajili ya tausi wa bati. Kisha akaingia kiti cha nyuma cha kigari, magoti yakiwa karibu na kidevu, turubai tulilomrudishia, lenye vumbi jekundu, mapajani. Hakugeuka nyuma. Alianza kumwambia Waheed jinsi ya kukata kona.

"Waheed anajua," nilimwambia.

Gari dogo likashuka mlima polepole, breki zikishika kila zilipoguswa. Nilipotazama mikono yangu, ilikuwa imelala kwenye mapaja. Miaka ishirini na mitatu katika nyumba ile, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimesafiri na Jahandad bila kushikilia kitu.